Bia ya Kibelgiji kunuka ndizi na karafuu: imeharibika au ndo ilivyo?

Swali limetoka kwa msomaji mmoja wa Nyakato hapa Mwanza, nalifupisha. Shemeji yake kamletea kutoka Nairobi, kwa basi linalopita Sirari, chupa tatu za bia ya kiwanda kidogo, mililita 330 kila moja, lebo inasema ni tripel ya Kibelgiji, yaani bia kali ya rangi ya dhahabu, kilevi asilimia 9. Jioni ile ile kaitupia moja kwenye friza nusu saa, kaifungua, povu likaruka mpaka kwenye kapeti. Kilichobaki kilikuwa na mawingu, chini machicha, harufu ya ndizi mbivu na karafuu, na mwisho wa funda anasema kuna ladha ya boksi lililolowa maji. Kanywa nusu, nyingine kamwaga. Sasa anauliza: "Shikamoo mtaalamu, hii bia ni mbovu au ndivyo ilivyo? Zimebaki mbili, nizinywe vipi, na shemeji akija tena nimwagize ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe: ndizi, karafuu, mawingu na machicha, hivyo vyote ndo bia yenyewe, hapo hakuna kilichoharibika. Povu kuruka ni habari ya safari pamoja na haraka yako. Ila hilo boksi lililolowa, hapo ulimi wako umesema kweli, hiyo ni kasoro na nitakueleza inatoka wapi. Yaani katika yote uliyoyaona moja tu ndo baya, na naumia kidogo kusikia nusu chupa imeenda kwenye sinki.

Sisi huku Kanda ya Ziwa tumelelewa na laga. Balimi, Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Castle Lite, zote hizo ni laga, na laga inachachushwa na hamira inayofanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 mpaka 12 hivi, taratibu, halafu inalazwa kwenye tanki la baridi zaidi mpaka itulie, na lengo lote la mpika bia ni kwamba hamira ifanye kazi yake na isiache alama. Unabaki na kimea, uchungu kidogo wa hopsi (yale maua yanayotia bia uchungu), gesi, basi. Mimi miaka yangu mingi nimekaa kwenye chumba cha kuonjea cha kiwanda cha laga, na pale ukisikia ndizi imezidi kwenye sampuli ya tanki hupigi porojo, unapiga simu chini uulize joto la tanki lilikuwaje usiku. Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini ulishtuka, pua yako imefundishwa kwamba bia safi hainuki tunda.

Wabelgiji wamekwenda njia nyingine kabisa, kwao hamira ndo mwenye nyumba. Wanaanza kuchachusha kwenye nyuzi 18 au 20 na wanaiacha ipande mpaka 24, wengine zaidi, na hamira ikiwa kwenye joto la namna hiyo inakula sukari kwa pupa na wakati inakula inatoa vitu vinaitwa esta. Moja ya hizo esta, isoamili asetati, ni kitu kile kile hasa kilichomo ndani ya ndizi mbivu, kwa hiyo uliposema ndizi hukuwa unabahatisha, umeinusa kweli. Karafuu nayo ina njia yake. Ndani ya kimea kuna asidi inaitwa feruliki, haina harufu ya maana, lakini hamira za Kibelgiji zina uwezo wa kuigeuza ikawa fenoli inayonuka karafuu, uwezo ambao hamira ya laga haina. Hakuna mtu aliyetia ndizi humo wala aliyetumbukiza karafuu za Pemba, ni kimea, hamira na joto tu.

Na hapa ndo huwa nashangaa watu wetu wanavyoikataa bia hii kwenye funda la kwanza, maana kama kuna watu duniani pua zao zilitakiwa ziwe tayari kwa vitu hivi ni watu wa ziwa hili. Vuka uende Bukoba ukanywe rubisi, ile ya ndizi iliyokamuliwa ikachanganywa na mtama uliokaangwa ikalala kwenye mtumbwi wake wa mti, ina mawingu, ina machicha, inanuka tunda na ndani yake kuna uchachu na viungo ambavyo hakuna aliyevitia. Wanzuki wa asali ni hivyo hivyo. Mzee anayejua rubisi nzuri na rubisi iliyopitiliza, huyo tayari anajua nusu ya kazi ya kuonja tripel, shida ni kwamba tukiona chupa na kizibo tunategemea laga.

Watu wengine huniambia Wabelgiji tunao hapo jirani, walitawala Burundi na Rwanda, kwa hiyo Primus, ile bia ya huko, si ndo bia ya Kibelgiji. Hapana, Primus ni laga, Mützig nayo laga. Tripel yenyewe kama inavyojulikana leo ilianzia kwenye monasteri ya Westmalle mwaka 1934, wamonaki wa Trapisti, shirika la Kikatoliki, na wanaipika mpaka leo kwa asilimia 9.5. Kabla ya hapo, mwaka 1919, Ubelgiji ilikuwa imepiga marufuku kuuza pombe kali kwenye baa, na bia zenye nguvu zikapata wateja. Ila utaona kitu cha ajabu, pamoja na nguvu zote hizo tripel haina uzito mdomoni wala utamu wa kuchosha. Siri ni sukari. Wanatia sukari ya kawaida kwenye chungu wakati wa kuchemsha, na sukari hamira inaimaliza yote haibaki kitu, tofauti na kimea ambacho kinaacha mabaki yenye utamu na unene. Matokeo yake unapata bia ya rangi ya dhahabu, nyepesi ulimini, kavu mwishoni, na imebeba kilevi cha kukuangusha. Usije ukaidharau kwa udogo wa chupa, mililita 330 kwa asilimia 9 ni karibu mililita 30 za kilevi chenyewe, wakati chupa kubwa ya laga ya 500 yenye asilimia 5 ina 25. Ka-chupa kamoja kamezidi bia kubwa nzima. Ukinywa zote mbili usiku mmoja usipande bodaboda kama dereva.

Haya, povu. Viwanda vidogo vingi bia ya namna hii hawaipashi moto kuua hamira, wanaijaza ikiwa na hamira hai, wanaongeza sukari kidogo, wanafunga kizibo, na bia inachacha mara ya pili humo humo ndani ya chupa. Gesi yote uliyoiona imetengenezwa humo, na ni nyingi kuliko ya laga, lita moja ya tripel inaweza kubeba lita tatu mpaka nne za gesi wakati laga inabeba kama mbili na nusu. Machicha ya chini ni hamira iliyomaliza kazi ikalala. Sasa chukua chupa hiyo, iweke kwenye buti la basi kutoka Nairobi, Migori, Sirari, Bunda mpaka Mwanza, matuta yote yale, hamira yote imetimka, halafu iwe ya moto, na gesi kwenye kimiminika cha moto haitaki kukaa. Nusu saa ya friza imepoza kioo tu, katikati bado vuguvugu. Ukifungua hapo kila punje ya hamira inayoelea inakuwa mahali pa gesi kutokea, na lazima iende kwenye kapeti. Kwa hiyo kwa chupa hiyo ya kwanza siwezi kumlaumu aliyeipika. Hizo mbili zilizobaki ndo zitasema: zikikaa wima kwenye friji siku mbili kamili, bila kuguswa, halafu bado ukifungua zinaruka kama bomba lililopasuka, na ladha ni chachu na nyepesi kuliko ile ya kwanza, basi kuna hamira ya porini imeingia na inaendelea kula humo ndani, na hapo kweli ni uchafu wa kiwandani.

Boksi sasa. Hiyo ladha wapika bia wote wanaiogopa, ndo ladha ya bia iliyozeeka. Hewa kidogo, oksijeni, imebaki shingoni mwa chupa siku ya kujaza, halafu joto linafanya kazi pole pole, kila ukipandisha nyuzi 10 bia inazeeka kwa kasi kama mara mbili au zaidi, na matokeo ni ile ladha ya karatasi, boksi lililolowa, daftari la zamani. Siku moja kwenye buti haiwezi kuleta hiyo peke yake, ila wiki nyingi kwenye rafu ya duka lisilo na friji, hapo inawezekana kabisa. Angalia tarehe ya kujazwa kwenye lebo au kwenye kizibo, naamini utakuta si ya juzi. Na usiogope, bia iliyozeeka haina sumu, imepoteza uzuri tu. Kwenye laga nyepesi boksi linaua kila kitu, kwenye tripel ndizi na karafuu zinalifunika kidogo ndo maana umelikuta mwishoni, pale mengine yalipokwisha pita.

Haya tuje kwenye hizo mbili, na naomba ufuate hivi hivi. Siku mbili wima kwenye friji nimeshasema. Siku ya kunywa usinywe ya baridi kali. Najua mhudumu akija pale Kirumba akauliza baridi au moto, kila mtu ana upande wake tangu ujana, wazee wengi moto, vijana baridi mpaka chupa itoe jasho, lakini tripel inataka katikati, nyuzi 8 mpaka 10 hivi. Baridi kali inaiziba harufu na kuufanya ulimi ufe ganzi, utaona gesi na uchungu tu. Ya moto nayo kilevi kinaruka mbele ya kila kitu. Kwa hali ya hewa yetu itoe kwenye friji iache mezani dakika kumi na tano hivi, shika chupa, ikiwa inasikika ubaridi lakini haikuumizi vidole, tayari.

Glasi ndo watu wanapuuza na ndo inaharibu nusu ya starehe. Tafuta ya waini, ile yenye tumbo na mguu, usinywee kwenye chupa wala kwenye plastiki, maana harufu inataka nafasi ya kukusanyika. Ioshe kwa sabuni, isuuzwe mpaka ilie ukipitisha kidole, halafu iache ijikaushe yenyewe imepinduliwa. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni! Kitambaa kilichogusa sato wa kukaanga kina mafuta, na mafuta yakigusa povu la bia povu linakufa mbele ya macho yako, hata mafuta ya midomo baada ya nyama choma yanatosha. Mimina taratibu glasi ikiwa imelala kidogo, usigonge gonge, halafu nusu ya pili isimamishe ili povu lipande, na acha kidole kimoja cha bia chini ya chupa pamoja na machicha. Povu la tripel nzuri ni jeupe, zito, linashika kuta za glasi linaacha mistari kila unapopiga funda. Hayo machicha uliyoyabakiza hayana madhara, ni hamira tu, ukitaka yaongeze kwenye funda la mwisho uone bia inavyokuwa nene na kuwa na ladha ya mkate, ila kwa tumbo lisilozoea yanaweza kukukimbiza chooni.

Kabla hujaonja, nenda sokoni ukanunue vitu vichache, haitafika hela nyingi: ndizi moja iliyoiva mpaka ina madoa, karafuu tatu nne, mbegu za giligilani, ganda la chungwa, asali kidogo. Ponda giligilani na karafuu kila moja kwenye kikombe chake, ganda likamue kwa vidole, ndizi ivunje. Nusa kimoja kimoja, pumzi fupi fupi, halafu nusa bia, halafu rudi kwenye kikombe. Hii ndo njia tunayowafundishia waonjaji wapya na inafanya kazi kwa mtu yeyote, maana pua inajua vitu vingi ila inasahau majina, ukiiwekea kitu chenyewe pembeni inakumbuka papo hapo. Nina uhakika utakuta na pilipili manga, na pengine pea au chungwa, vitu ambavyo mara ya kwanza hukuviona kwa sababu ya mshtuko.

Ukinywa, funda dogo, lizungushe mdomoni, meza. Kuonja bia hatutemi kama wanavyotema wa mvinyo, uchungu wake unaujua vizuri ukishameza. Ukishameza funga mdomo utoe pumzi kwa pua, hapo ndo karafuu itakuja kwa nguvu kuliko wakati wowote. Kisha subiri. Usikimbilie funda la pili, hesabu moyoni kidogo uone nini kinabaki: ukavu safi na uchungu mwepesi, hiyo ni nzuri, boksi likirudi, chupa zako zote tatu zimezeeka pamoja. Na iache glasi ipate joto lenyewe taratibu, tripel ya mwanzo wa glasi na ya mwisho wa glasi zinatofautiana, kuna watu wanapenda zaidi ile ya mwisho na mimi ni mmoja wao.

Cha kula pembeni mimi ningekuchagulia sato wa kuchoma, chumvi na ndimu, ugali au ndizi za kuchemsha, gesi ya bia inasafisha mafuta ya samaki na ukavu wake unaitikia ndimu. Kitimoto kavu pia inakaa vizuri mno. Pilipili punguza, kilevi na gesi vinawasha moto wa pilipili mara mbili na hutaonja tena kitu.

Nisikuache na wazo kwamba kila harufu ya ajabu ukiambiwa ni ya Kibelgiji ndo uikubali, maana kuna viwanda vidogo vinajificha humo. Siki, kwa tripel, ni ubovu. Wabelgiji wanazo bia chachu kweli, zile za lambiki za maeneo ya Brussels ambazo zinachachushwa na vijidudu vya hewani, lakini hizo huandikwa hivyo. Harufu ya siagi au Blue Band, hamira haikupewa muda wa kumaliza. Plasta ya kidonda au dawa ya hospitali, hiyo ujihadhari, iko ukoo mmoja na karafuu na wengi wanazichanganya, ila karafuu ni tamu na ya joto wakati plasta inakauka kooni na inakera, mara nyingi ni klorini ya maji ya bomba haikuondolewa kabla ya kupika au ni hamira ya porini. Dawa ya kufutia rangi ya kucha, pamoja na kuunguza koo kama gongo, maana yake walichachusha kwenye joto kupita kiasi. Hii ya mwisho kwa mji kama wetu ni muhimu kuijua, kijana yeyote anayetaka kuanza kupika hapa bila mtambo wa kupoza tanki atakutana nayo tu, mchana wetu unafika nyuzi 27 au 28 na hamira yenyewe ikiwa kazini inazalisha joto lake juu ya hapo, tanki linavuka 30 wewe umelala, na kesho yake wanywaji wanaamka vichwa vinagonga. Harufu ya kicheche nayo utaikuta kwenye chupa za kijani au nyeupe zilizokaa juani, jua linaichoma hopsi kwa dakika chache tu, ndo maana nakwambia chupa ya rangi ya kahawia kila mara.

Kuhusu shemeji. Tripel akiipata iliyojazwa ndani ya miezi mitatu, na duka lina friji, achukue. Saison pia, ile bia kavu ya mashambani kusini mwa Ubelgiji, nyingi zina asilimia 5 mpaka 7, kwa joto la Mwanza sijaona inayoizidi. Witbier, ile ya ngano yenye giligilani na ganda la chungwa aliyoifufua Pierre Celis kule Hoegaarden mwaka 1966, ni nyepesi na ingekufaa kuanzia, ila ndo dhaifu kuliko zote kwa safari, ikikaa kidogo tu chungwa linaondoka unabaki na maji ya ngano, kwa hiyo hiyo kainywe huko huko Nairobi ukienda. Mimi kwa basi ningemwagiza dubbel. Ni ya kahawia iliyoiva, asilimia 6 mpaka 8, rangi na ladha zinatoka kwenye sukari iliyounguzwa, inanuka zabibu kavu, tende, sukari guru, hata matobolwa yaliyokolea jua. Hewa na joto vikiigusa kidogo haikimbilii boksi haraka, inaelekea kwenye tunda kavu zaidi, inavumilia.

Mwambie asome tarehe kwanza ndo asome jina. Chupa azifunge kwenye nguo au magazeti, zisimame wima, akae nazo ndani miguuni mwake na asiziweke kwenye buti, na zikifika Nyakato ziende friji siku hiyo hiyo, uzifungue kuanzia siku ya tatu.